Ubeti wa Baba

Mama Falguni wa ghorofa ya pili, kwenye jengo letu pale Mchafukoge, ameaga mabinti wa watu tangu kabla mimi sijaijua Dar. Harusi ya Kihindu ikiwepo Upanga au Kisutu, gari linakuja kumchukua mchana. Anashuka ngazi taratibu, sari imebanwa pini begani, mkononi ana chupa ya maji ya moto yenye tangawizi kwa ajili ya koo. Kazi yake ni kuongoza wanawake katika nyimbo za upande wa bibi harusi, na hasa ule wa mwisho, wa kuaga, binti anapotoka mlangoni kwenda kwa watu wengine. Halipwi, wala hajawahi kutaka kulipwa.

Mimi naitwa Theopista, fundi kompyuta. Duka langu ni chumba chembamba chini ya jengo hilohilo, zamani kilikuwa stoo. Mwaka 2004, kompyuta za mitumba zilikuwa zinashushwa Kariakoo kila siku, na kila mwenye duka alitaka kuwa na yake, hata asiyejua aifanyie nini. Niseme mapema kwamba sina subira. Mtu akiniletea kompyuta akasema "imegoma" basi, bila kueleza imegomaje, namrudisha nyumbani akaiangalie vizuri kwanza. Na nilikuwa nimechoka na Windows za kunakili zilizojaa virusi, nikawa naweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ulio wa bure na halali. Watu walinicheka, kisha walewale wakarudi kimyakimya kuomba niwawekee na wao.

Mmoja wa walionicheka alikuwa Mzee Shashikant, mume wa Mama Falguni. Anauza vitambaa vya jumla, duka lake linatazamana na langu. Ni mtu wa maneno machache, futi ya kupimia haitoki shingoni, na biashara zilipofunguliwa yeye alikuwa wa kwanza mtaani kuagiza majora kutoka Bombay bila kupitia kwa mtu. Kompyuta yake aliiweka juu nyumbani, kwa sababu vumbi la dukani lingeiua. Kila alfajiri, baada ya sala na udi, alijifungia nayo chumbani kwa muda mrefu. Mama Falguni aliniambia anafanya hesabu.

Wana mtoto mmoja tu, Jinal; Falguni ni jina la mama mwenyewe. Alikwenda Uingereza kusomea ufamasia, na huko akapata mchumba aliyemchagua mwenyewe, asiye wa jamii yao. Tangu habari hiyo ifike, Mzee Shashikant hakulitamka tena jina la binti yake. Simu ya Jumapili ikiita, alikuwa anachukua funguo na kushuka dukani, ingawa duka Jumapili limefungwa. Mama Falguni alibaki juu anaongea na mtoto wake kwa sauti ya chini, kama mwizi ndani ya nyumba yake. Bado alikuwa anatengeneza achari ya maembe mabichi yenye pilipili kali, chupa kwa chupa, na pale nyumbani hakuna aliyeweza kuila zaidi ya Jinal. Nilizikuta chupa hizo zimepangwa jikoni, hazijafunguliwa. Roho iliniuma, maana na mimi nina mama huko Rombo ambaye huniwekea ndizi mpaka zinaiva na kuoza, akisubiri Krismasi nipande gari nirudi.

Siku moja alishuka mwenyewe dukani kwangu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Shikamoo Mama Jinal."

"Marahaba. Theo, hii kompyuta ya mzee inaweza kushika sauti?"

"Inaweza. Sauti ya nani?"

"Ya kwangu," akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Jinal anaolewa mwisho wa mwezi. Baba yake amesema sisi hatuendi. Mi sina nguvu ya kwenda peke yangu, na bila yeye siendi. Lakini mtoto wangu hatatoka mlangoni kimya. Nimewaimbia watoto wa watu wote mji huu, Theo. Wa kwangu nani atamwimbia?"

Mpango wake ulikuwa rahisi. Ataimba ule wimbo wa kuaga, mimi niuweke kwenye CD, na Tejas, mtoto wa shemeji yake anayesafiri Jumapili, aipeleke. Siku ya harusi ipigwe Jinal akiwa anatoka. Alinieleza kwamba wimbo wenyewe ni mrefu, unapita dakika kumi, kwa sababu kila ubeti unamtaja mtu mmoja wa nyumba inayoachwa: bibi, babu, mjomba, hata jirani wa mlango wa pili, shangazi. Mama anakuja baadaye. Baba anakuja karibu na mwisho, kabla ya ubeti wa mlango.

"Ila kuna kitu kimoja," akasema. "Kwa bibi yangu walikuwa wanasema wimbo huu haukatiki katikati. Ukikatika, bibi harusi anageuka nyuma, na anayegeuka nyuma hatulii kule aendako. Kwa hiyo sitaki makosa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa kiburi kabisa, naujua mdomo wangu.

Jumatatu mchana, mzee akiwa dukani, nikapanda na maikrofoni. Chumba kilikuwa safi, na kila kitu kimefunikwa: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata debe la unga lina chake. Nikafungua programu ya kurekodi, nikaipima, nikabonyeza ianze. Mama Falguni akachukua kitambaa kizito cha kudarizi, akaifunika skrini yote.

"Mbona unaifunika? Inarekodi."

"Si inasikia hata ikifunikwa? Ikinitazama siimbi."

Kweli inasikia, nikaacha. Akaniomba nimpishe pia, maana alijua atalia. Nikashuka dukani kwangu, na kwa dirisha la juu nikamsikia anaimba. Sijui Kigujarati, lakini mtu akimuaga mtu huhitaji mkalimani. Niliacha bisibisi mezani nikakaa tu.

Niliporudi nilishika mausi kwanza, nikafunua skrini, tukasikiliza wote wawili, mkono wangu ukiwa bado kwenye mausi. Sauti ilikuwa imeingia vizuri, nzuri mpaka nikaona aibu kuisikiliza mbele yake. Mama Falguni akawa ananitajia kila ubeti unapoanza: bibi akapita, babu, mjomba, shangazi, mama. Ulipofika ubeti wa baba, sauti ikaruka. Neno likamezwa, likarudi nusu, likamezwa tena, na ikaendelea hivyo mpaka mwisho.

Mama Falguni alishika tu kitambaa chake cha skrini akawa anakikunja na kukikunjua.

Kwanza nikalaumu waya wa maikrofoni, nikaubadilisha. Kisha nikalaumu stebilaiza, kwa sababu umeme wetu unajulikana. Halafu nikapima diski, na hapo nikadhani nimemkamata mchawi. Ilikuwa inasoma megabaiti tatu kwa sekunde, wakati diski ya namna ile inatakiwa kupita thelathini. Diski isiyo na tatizo hupeleka data yenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mashine. Hii ilikuwa imefungiwa njia hiyo, kila kitu kinapitia kwa prosesa, ubongo wa mashine, kama keshia wa duka la jumla anayeacha foleni kila mara kwenda stoo kubeba katoni mwenyewe. Nikasoma kumbukumbu za mfumo, nikakuta Linux imeandika waziwazi kwamba iliona makosa kwenye waya wa diski ikaamua kuifunga ile njia ya haraka. Nikafungua kasha. Waya ulikuwa wa zamani, halafu umekunjwa vibaya. Nani aliukunja? Mimi mwenyewe ndiye niliyeiunga mashine ile. Nikatembea mpaka Mtaa wa Aggrey nikapata waya mpya, nikaufunga, nikaifungua ile njia, diski ikaruka juu ya thelathini.

"Tayari," nikamwambia Mama Falguni. "Sasa imba mpaka uchoke."

Jumanne akaimba. Akafunika skrini, akanipisha, akaimba. Na wimbo ukakatika palepale, kwenye ubeti wa baba. Safari hii haukumeza maneno mengi, lakini ulikatika.

Hapo nikakasirika kwelikweli. Nikakaa mbele ya ile mashine na maikrofoni, nikawa natamka mitaa ya Kariakoo mmoja mmoja, Msimbazi, Kongo, Sikukuu, Swahili, Narung'ombe, Nyamwezi, narudia tangu mwanzo, macho kwenye skrini, mkono kwenye mausi nikifuatilia mstari wa sauti. Nilikwenda hivyo karibu nusu saa. Haikuruka hata mara moja. Nikamsikilizisha Mama Falguni, akasikia mitaa yote iko salama.

"Unaona? Mashine nzima," nikasema, na mara moja nikatamani nimeze ulimi, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba kilicho kibovu ni wimbo wake.

Akakaa kitandani. Akalia bila kujificha.

"Si mashine, Theo. Baba mtu hajatoa baraka. Mi naimba 'baba mfungulie njia', na baba mwenyewe amefunga. Unafikiri Mungu haoni? Bibi anapita, mjomba anapita, hata jirani anapita. Ikifika kwake inakataa. Acha tu. Mwanangu atoke kimya."

"Mama Jinal, mashine haijui habari za baraka."

"We ndo unasema."

Nilishuka nimevunjika moyo. Mzee Shashikant alikuwa mlangoni pa duka lake anampimia mteja kitambaa cha sare, uso mkavu kama kawaida, na nilimchukia kabisa siku ile. Nilimsalimia kwa sababu tu ni mkubwa. Kazi yangu imenizoesha kuamini kwamba kila ubovu una sababu yake, lakini huu wa kusubiri ubeti uleule ulianza kunitia mashaka hata mimi.

Alhamisi nikapanda tena, nikamsihi mara ya mwisho. Nikamwambia safari hii sishuki. Nitakaa chini ya meza, simwangalii, sigusi kitu chochote, nasikiliza mashine tu. Akakubali kwa unyonge, labda kwa kunihurumia. Akafunika skrini, akafumba macho, akaanza.

Nimekaa sakafuni, sikio limegusa kasha. Feni inazunguka. Diski inaandika sauti taratibu, unaisikia inagonga kidogo, inanyamaza, inagonga tena. Bibi, babu, mjomba. Jirani. Shangazi. Mama, na hapo sauti yake ilitetemeka lakini ikashika. Kisha, akiwa anavuta pumzi aingie kwa baba, diski ikaanza kukoroma. Krrr, krrr, bila kupumzika. Kuna kitu kingine kilikuwa kinaisoma, kitu kikubwa, na kilikuwa kimesubiri mpaka mashine iachwe muda mrefu bila kuguswa. Mimi nilipokuwa nataja mitaa yangu mkono ulikuwa kwenye mausi, kwa hiyo hakikupata nafasi ya kuamka.

Nikatoka chini ya meza nikakivuta kitambaa.

Kwenye skrini nzima alikuwepo Jinal. Labda ana miaka sita, sare ya shule, meno mawili ya mbele hayapo, amesimama mlangoni pa duka la vitambaa, futi ya baba yake imemning'inia shingoni mpaka magotini. Ile picha ikafifia polepole, ikaja nyingine: Jinal amelala juu ya majora, mdomo wazi. Kisha Jinal na cheti. Kisha Jinal anapika, amegeuza uso hataki kupigwa picha. Ilikuwa programu ya skrini, ile inayoleta picha mashine ikiachwa bila kuguswa. Kila moja ilipobadilika diski ilikoroma, maana zilikuwa picha nzito mno. Mzee alikuwa na skana kwa ajili ya sampuli za vitambaa, na ni dhahiri alipoulizwa na mashine anataka ubora gani, alichagua wa juu kabisa. Mashine ndogo ile ikawa inabeba picha zile na wimbo kwa pamoja, na ikielemewa inaangusha wimbo.

Mama Falguni alikuwa ameacha kuimba. Alisogea mpaka pua ikawa karibu na kioo.

"Nani kaweka?"

Wote wawili tulijua ni nani anayejifungia na mashine ile kila alfajiri. Wala hakuwa anafanya hesabu. Alikuwa anakaa mikono mapajani, anaiacha bila kuigusa, anasubiri mtoto wake aje.

Halafu ikaja picha ya uwanja wa ndege. Ilipigwa kwa mbali, kupitia kwenye nondo za uzio. Mama Falguni mwenyewe alikuwepo, amemkumbatia Jinal, mizigo miguuni. Wote wawili walionekana mgongo tu.

"Siku hii hakuja," akasema polepole. "Aliniambia ana kontena bandarini. Nilimlaani njia nzima, Theo. Nilirudi na teksi peke yangu nikimlaani." Akagusa kioo mahali ilipokuwa migongo yao. "Alikuwa nyuma yetu."

Tukaziangalia mpaka zikaanza upya na yule wa mapengo. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa sari.

"Nenda kaniitie."

Mzee Shashikant alipanda akidhani kuna shoti ya umeme. Aliingia na futi yake shingoni, akaiona skrini iko wazi, akasimama. Nilitaka kutoka, lakini alikuwa ameziba mlango. Mwishowe aliniambia mimi, si mkewe:

"Tejas alisema ni programu ya bure."

"Ni ya bure, mzee," nikasema.

Mama Falguni akamwambia maneno kwa Kigujarati, machache, kwa sauti ya kawaida kabisa. Sijui alisema nini na sikuuliza. Mzee aliinamisha kichwa. Kisha mama akageukia Kiswahili, nadhani ili na mimi niwe shahidi.

"Kaa hapa. Shika hii mausi. Mimi naimba, wewe unaisogeza kidogokidogo, ili isilete picha. Ukiacha kuisogeza, wimbo wa mtoto wako unakatika."

Mimi kwa ujinga wa ufundi nikaingilia. "Mama Jinal, hiyo programu naizima sa hivi hivi, mara moja tu, wala mzee hana haja ya..."

"Usizime, Theo. Atashika yeye."

Nikabonyeza kurekodi, nikakaa pembeni. Safari hii hakufunika skrini wala hakumfukuza mtu. Aliimba akimtazama mumewe kisogoni. Mzee alishika mausi kwa mkono wote, kama mtu aliyeshikishwa kifaranga, akawa anaisogeza juu ya meza, mbele, nyuma. Bibi akapita. Babu, mjomba, jirani, shangazi. Mama. Ulipoingia ubeti wa baba nikaona mabega ya mzee yanapanda, na shingoni futi inatikisika, lakini mkono haukusimama. Mwisho wa ubeti ule ikamtoka sauti moja, si kilio na si kikohozi, kitu kilichomkwama kooni akajaribu kukisafisha. Mama Falguni hakuacha. Akauingia ubeti wa mlango, akaumaliza wimbo.

Nikaurudisha, tukausikiliza mwanzo mpaka mwisho. Hakuna palipokatika. Ila kwenye ubeti wa baba ile sauti ya mzee ilikuwepo, imeingia wazi kabisa.

"Hii naweza kuifuta," nikasema. "Ni ndogo, haitajulikana."

"Gusa hapo uone," akasema Mama Falguni.

CD ikaondoka na Tejas Jumapili. Simu ilipoita siku hiyo, mzee alichukua funguo kama kawaida yake, akafika mlangoni, akasimama hapo na funguo mkononi mpaka maongezi yalipoisha. Hakwenda kuishika simu. Watu wanafikiri moyo ukishafunguka miguu nayo inafuata siku hiyohiyo. Nilitamani iwe hivyo, kwa ajili ya mama, lakini haikuwa.

Tejas alirudi mwezi uliofuata. Alipita kwanza dukani kwa baba yake mdogo, na mimi nilikuwa pale naazima ngazi. Mama Falguni akashuka mbio na ndala. Tejas akaeleza kila kitu: ukumbi, chakula, baridi ilivyokuwa, mkwe alivyo mpole. Mzee Shashikant alikuwa anamkatia mwanamke mmoja kitambaa cha sare za kwaya, mkasi mkononi, kama vile hasikii.

"Na wimbo?" akauliza mama. "Ulikatika?"

"Haukukatika hata kidogo, auntie. Mpaka mwisho."

Mama Falguni akashusha pumzi.

"Ila aligeuka," Tejas akasema.

"Kwa nini ageuke, kama haukukatika?"

"Alikuwa ameshafika mlangoni. Wimbo ukafika pale kwa baba, na ile sauti ya mzee ikasikika. Jinal akageuka ghafla, akawa anatazama watu wote ukumbini, mstari kwa mstari, anatafuta. Akaniuliza, 'Papa yuko wapi? Amekaa wapi?' Ikabidi nimwambie ni CD."

Mkasi wa mzee ulikuwa umeendelea, taratibu, ukapita alama ya chaki, ukapita katikati ya kitambaa cha watu, ukaenda mpaka ukingoni. Yule mama wa kwaya akapiga kelele. Mzee Shashikant akatazama chini, vipande viwili mikononi, kana kwamba hajui vimefikaje hapo.